Sura ya Saba: Mstaafu wa Getini

Kibao cha MBWA MKALI huishi kuliko mbwa mwenyewe. Zunguka mitaa ya Nairobi yenye nyumba za ua, kuanzia Kahawa Sukari hadi Lang'ata, utakiona kimeng'ang'ania geti, rangi imefubaa, meno ya ile picha yamebaki nusu. Gonga. Mara nyingi atakayetokea ni mzee mwenye mvi kidevuni, anajikongoja kutoka kivulini, anabweka mara mbili kwa sauti ya kukwaruza, kisha anakaa kitako kumsubiri mwenye nyumba aje amalizie kazi.

Kwetu mbwa huajiriwa. Huletwa mdogo, hupewa jina la Simba au Tiger, hufungiwa bandani mchana ili asizoeane na wageni, na jioni hufunguliwa alinde. Mshahara wake ni ugali kwa matumbo, au makombo ya jana. Akianza kuzeeka hakuna barua ya kustaafu wala mafao. Analetwa kijana mwingine, mzee anasogezwa karibu na stoo, na nyumba nzima inakubaliana kwamba sasa aachwe apumzike.

Hapo ndipo mimi na wengi tunapobishana. Mbwa aliyekaa miaka kumi ndani ya ua mmoja hajaichoka dunia, hajaiona. Akizeeka ndipo anapopaswa kutolewa nje, na katika nyumba nyingi hiyo itakuwa mara yake ya kwanza kupita getini bila kutoroka. Huko kupumzika tunakomwamuru kunamdhoofisha taratibu: misuli ya mapaja inasinyaa kwa kukosa kazi, viungo vinakakamaa, unene unamwingia, na akili isiyopata jambo jipya inafifia. Matembezi yaendelee hadi mwisho. Ni namna ya kutembea tu inayobadilika.

Kwanza, nani mzee? Ile hesabu ya kuzidisha umri wa mbwa kwa saba tuiweke kando. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya kuchunguza alama za kikemikali zinazojishikiza kwenye vinasaba kadiri mwili unavyozeeka. Walipima mbwa 104 wa aina ya Labrador, wakalinganisha na binadamu. Kwa hesabu yao, mbwa wa mwaka mmoja yuko sambamba na mtu wa miaka 31, wa miaka 5 na mtu wa 57, wa miaka 12 na mtu wa 71. Mwanzoni anazeeka mbio, halafu mwendo unapoa. Hizo ni namba za Labrador, na ukubwa wa mwili hubadilisha mengi. Great Dane ni mzee akifikisha miaka sita au saba, umri ambao kijibwa cha Chihuahua bado kinaparamia makochi. German Shepherd, ambaye damu yake imetapakaa katika mbwa wa ulinzi wa mji huu, mhesabu mzee kuanzia miaka minane hivi. Mbwa wetu wa kienyeji wa kilo kumi na tano, akinusurika kupe na magari, huchelewa zaidi.

Bosi, mbwa wa nyumbani kwetu, ana damu hiyo ya German Shepherd upande mmoja. Upande wa pili hakuna anayeujua. Alipoanza kuachwa nyuma na mwenzake katika kukimbilia geti, jirani mmoja aliniuliza kama tunamlipa pensheni. Nikamwambia pensheni yake ni kutembezwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamume mzima, asubuhi na mapema, kamba mkononi, anamngoja mbwa amalize kunusa nguzo ya stima: mtaani kwetu hiyo ilikuwa sinema ya bure. Watoto wa shule waliruka mtaro kuhamia upande wa pili. "Anauma?" ndilo swali la kwanza la kila mpita njia, na la pili huwa "Unamuuza?" Soja wa geti la jirani alikuwa wa kwanza kutuamkia. "Mzee, umeamkaje?" Sikujua alimaanisha mimi au mbwa, nikaitikia kwa niaba yetu sote.

Namna yenyewe inaanzia puani. Macho ya mbwa hupungua nuru, masikio huziba, lakini uwezo wa kunusa kwa kawaida ndio hukawia kuondoka. Bosi akisimama penye kichaka kimoja cha nyasi mpaka mkono wangu uchoke, hajazubaa. Mkojo ulioachwa pale unamweleza aliyepita ni dume au jike, na kama ni jike yuko joto au la. Ukali wa harufu unamweleza kama ni wa jana au wa sasa hivi. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha jaribio lililonifanya niache kabisa kuvuta kamba. Waligawa mbwa makundi mawili. Kwa wiki mbili, kundi moja lilizoezwa kutafuta chakula kwa kunusa, jingine likazoezwa kutembea ubavuni mwa mwenye mbwa kwa adabu. Kisha kila mbwa aliwekewa bakuli mahali ambapo hakuweza kujua mapema kama lina kitu. Walionusa waliliendea haraka zaidi kuliko awali, kwa matumaini; waliotembezwa kwa adabu hawakubadilika. Mazoezi yote mawili yalikuwa na mwendo na zawadi. Tofauti ilikuwa nani alipewa uhuru wa kutumia pua.

Kwa hiyo kwa mbwa mzee usihesabu kilomita. Mita mia mbili kwa nusu saa ni safari kamili, na yeye ndiye anayeongoza njia. Ukosi wa shingoni ubadilishe kwa mikanda inayopita kifuani, maana shingo na koo la mzee havitaki kuvutwa. Anza na dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Kama umezidisha utajua kesho yake, akiinuka kwa shida kuliko alivyoinuka leo; basi punguza. Na afadhali kidogo kila siku kuliko ile tabia ya watu wa ofisi, mbwa analala Jumatatu hadi Ijumaa halafu Jumamosi anaburutwa kupanda vilima vya Ngong. Jumapili nzima hawezi kusimama, mwenyewe anasema kazeeka ghafla.

Anayeishi karibu na msitu wa Karura ana bahati. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti kuuzuia usigawanywe kuwa viwanja. Leo mbwa anaruhusiwa kuingia akiwa amefungwa kamba, sharti ambalo vijana wanalichukia na ambalo kwa mzee ni neema, kwa kuwa hakuna mwenziwe wa kumjia mbio amwangushe. Njia ni za udongo laini, kivuli kipo. Ila chagua sehemu tambarare. Mteremko wa kwenda kwenye maporomoko hubebesha viwiko vya miguu ya mbele uzito wote, na kushuka kunamuumiza mbwa kuliko kupanda, kinyume cha tunavyodhani. Siku za mwisho wa wiki baiskeli ni nyingi na mbwa kiziwi hasikii kengele, kwa hiyo mweke upande wa ndani wa njia.

Lami ni habari nyingine. Weka mgongo wa kiganja chako barabarani, hesabu hadi saba. Ukishindwa kuuacha hapo, nyayo zake nazo zitashindwa. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na hapa lazima niirudie ile sauti ya kukwaruza, kwa sababu wengi huisikia wakacheka kwamba mzee kapoteza sauti. Kwa mbwa wakubwa, mabadiliko ya kubweka yanaweza kuwa dalili kwamba mishipa ya fahamu inayofungua zoloto imeanza kulegea. Mbwa wa namna hiyo hawezi kuvuta hewa ya kutosha akihema, na jua la saa sita mchana linaweza kumwangusha akafa njiani. Mlinzi aliyeanza kubweka kama mtu mwenye mafua apelekwe kwa daktari wa mifugo kwanza, halafu atembezwe kabla ya saa mbili asubuhi, wala asipewe mwendo wa kumfanya aheme kwa nguvu.

Pwani joto hilo liko mwaka mzima, na pia pana jambo la dini ambalo watu wa bara hulielewa upande. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huko, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, ila haingii ndani. Ukitokea bara utadhani ni chuki. Nilimtembelea mwalimu mmoja mstaafu wa Kikambala mwenye mbwa wa kulinda minazi, jicho moja limekufa. Mbwa hajawahi kukanyaga sebuleni. Lakini kila maji yakipwa alasiri, mwalimu huchukua fimbo yake, humwita, wakashuka wote wawili ufukweni, mmoja mbele na mwingine hatua kumi nyuma. Aliniambia sababu mbili. Ya kwanza ni ile hadithi mashuhuri ya mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Ya pili ni ya magoti, ya mbwa na yake. Mchanga mkavu wa juu unazamisha mguu na kuchosha viungo. Ule uliolowa na kushikana, bahari ikiwa imerudi nyuma, ni imara bila kuwa mgumu. Ameyajua hayo bila kusoma kitabu chochote cha mbwa. Hubeba pia maji matamu katika kibuyu, kwani mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari, akaharisha au akapata madhara zaidi ya hayo.

Sasa maumivu, jambo linalofichwa kuliko yote. Mbwa mwenye yabisi ya viungo halii. Anasimama akilitazama pikapu alilozoea kulirukia. Analamba kiungo kimoja usiku kucha. Kucha za miguu ya nyuma zinasagika upande wa juu kwa kuwa anaiburuta. Sakafu ya vigae, fahari ya nyumba zetu mpya, kwake ni barafu. Vipande vya zulia kuukuu kutoka mlangoni hadi kwenye maji yake vitamsaidia kuliko dawa nyingi. Na alale juu ya godoro au magunia yaliyokunjwa, hasa Julai, maana saruji ya banda ina baridi.

Halafu mwenye mbwa anakwenda duka la dawa. Hapa nataka kusema kwa sauti. Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, hata kwa vidonge vichache, na parasetamoli inaweza kumwulia ini na damu. Hata jeli uliyojipaka gotini ni hatari akiilamba. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama karprofeni, na ipo meloksikamu kwa kipimo chake. Hutolewa kwa kilo za mwili, baada ya daktari kuangalia hali ya figo na ini. Gharama ipo, sikatai. Lakini nimeona watu wakinunua kibao kipya cha geti kwa pesa zaidi.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni bakuli dogo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa maisha yote ya Labrador 48, waliopangwa wawili wawili tangu utotoni. Katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25. Waliokula kidogo waliishi miaka 13.0 kwa wastani wa kati, wenzao 11.2, na yabisi yao ilichelewa kuhitaji matibabu. Miaka karibu miwili, bila sindano. Pitisha vidole ubavuni mwake: mbavu zipapasike bila kubonyeza. Kama unapapasa ugali, punguza ugali, ongeza mayai, nyama au omena zilizochemshwa, maji yake ya chumvi yakamwagwa.

Kuhusu macho, ule ukungu wa buluu unaoingia baada ya miaka sita au saba mara nyingi si mtoto wa jicho, ni lenzi kukomaa tu, na mbwa bado anaona. Mtoto wa jicho ni mweupe na hufunga njia. Kuhusu masikio, mfundishe ishara za mkono kabla hajawa kiziwi, na wakanye watoto: mbwa asiyesikia akiguswa usingizini huuma kwanza, hufikiri baadaye. Piga sakafu kwa mguu, atahisi mtikisiko.

Lipo tatizo la usiku ambalo majirani hulijua kabla ya mwenye mbwa. Saa tisa za usiku mzee anabweka kuelekea ukuta mtupu, watu wanasema ameona kitu. Pengine. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliripoti kwamba asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 na 12 walikuwa na angalau dalili moja ya akili kuchoka, na kwa wa miaka 15 na 16 ni asilimia 68: kuzunguka usiku na kulala mchana, kukwama kwenye kona, kukojoa asipokojoa zamani, kutomtambua mtu wa nyumbani. Daktari aondoe kwanza shaka ya maumivu na ya figo. Baada ya hapo, mwanga wa asubuhi, saa zile zile za kula na kutoka, na taa ndogo bandani hupunguza vurugu. Mbwa aliyenusa mtaa mzima mchana ana sababu ya kulala.

Kutoka nje kuna deni lake. Nyasini kuna kupe, na homa ya kupe humlemea mzee haraka, kwa hiyo mpapase masikioni na kati ya vidole kila mrudipo. Chanjo ya kichaa cha mbwa haistaafu. Mbwa ndio chanzo cha zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa watu, na Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Ndiyo maana lile swali la "Anauma?" lisikuudhi. Anayeuliza pengine amezika mtu. Mjibu kwa heshima, fupisha kamba, na kadi ya chanjo iwe karibu.

Kijana aliyeletwa kumrithi mzee atamsukuma bakulini. Walishe mbali mbali, na mtoe mzee peke yake mara nyingi, kwa mwendo wake. Wakitoka pamoja kijana atafuata pua ya mzee, jambo zuri la kutazama, lakini mzee ataficha uchovu ili asiachwe.

Ipo siku miguu ya nyuma itagoma. Taulo kuukuu likipitishwa chini ya tumbo humsaidia kusimama na kujisaidia haja. Wilbaro iliyotandikwa gunia humfikisha uwanjani, ambako anaweza kulala nyasini na kunusa upepo, na hiyo nayo ni matembezi. Mtaani kwetu mbwa mmoja wa jirani alisafiri hivyo miezi yake ya mwisho. Watoto waligombania kusukuma.

Mimi humpima kwa mambo matatu: anakula, anaweza kujiondoa kwenye uchafu wake, na anainua pua geti likifunguliwa. Mawili yakitoweka, mwite daktari, wala usingoje la tatu. Aje nyumbani, amchome sindano nje, mahali mbwa anapopapenda. Ni dakika chache, na anaondoka usingizini. Shimo lichimbwe kabla hajafika, mbali na kisima, lifike kiunoni mwa mtu. Dawa inayotumika sana, pentobabitali, hukaa mwilini muda mrefu baada ya kifo na inaweza kumwua mnyama mwingine atakayefukua mzoga, awe mbwa wa mtaani au ndege wa jalalani. Mpangaji asiye na ardhi azungumze na daktari mapema kuhusu kuchoma, na bei waelewane. Wenye ua wapange mawe mazito juu ya udongo kabla ya kumfungulia yule kijana jioni.